Majina Kumi ya Mzee Guled

Wiki moja kabla bunduki hazijafika Barawa, mji wetu wa pwani, bibi yangu aligombana na baba kwa sababu ya buni. Kwetu mgeni akija humkaangia buni kwa mafuta ya ufuta, na baba, fundi makubadhi asiye na mpinzani, jikoni hakuwa na maana. Aliziunguza. Bibi akamwambia Mungu alimuumbia mikono ya ngozi tu. Mgeni mwenyewe, jirani yetu Mzee Guled, mgane asiye na mtoto, alizitafuna hizo hizo akazisifu.

Redioni tulikuwa taifa moja, dini moja, lugha moja. Sisi Wabarawa, na Kiswahili chetu, tulisikiliza tukicheka kimya kimya.

"Huko barabarani hawaulizi dini," Mzee Guled alisema siku ile. "Wanauliza ukoo, na wenu hawautambui. Njia ya kusini wameishika watu wa ukoo wangu. Chukueni babu zangu."

Akatufundisha kumi, kutoka kwa baba yake kwenda juu, watajwe bila kupumua. Nilikuwa na miaka tisa, niliwashika kwa siku moja. Baba zilimchukua siku nne. Bibi alikataa katakata.

"Nijipachike kwa babu wa mtu? Sote kibla kimoja. Wanataka nini tena?"

Tuliondoka kwa lori, na gunia la makubadhi. Mzee Guled alibaki. Ana ukoo, tukasema, nani atamgusa?

Kwenye kizuizi walimteremsha baba peke yake.

Kijana mwenye bunduki akamuuliza ukoo.

Baba alianza vizuri. Jina la tano, akakwama.

Nilitaka kumtajia. Mama akaniziba mdomo.

Kijana akaikoki bunduki.

Hapo bibi akashuka, hakuna aliyemwita. Sasa, sisi hatuulizani wewe wa ukoo gani, tunaulizana umesoma Kurani chuo cha nani. Basi bibi, kwa akili yake, alidhani ndilo swali. Akaanza: mimi nimesomeshwa na fulani, naye kasomeshwa na fulani, mwalimu juu ya mwalimu, kwa sauti ya maulidi, jua la saa sita likituchoma utosini. Kijana alimkodolea macho. Baba alifumba yake.

Kwenye jina la sita, mkubwa wao aliyekaa kivulini akaweka kikombe chini.

"Chuo cha huyo ndicho alichosomea mama yangu Kurani."

"Basi wewe mjukuu wangu," bibi akamwambia. "Nipe mwanangu, twende zetu."

Alimpa. Kwenye gunia akachukua jozi moja tu, na bibi, jamani, hakunyamaza hata hapo, akamwambia yatambana. Lori zima lilicheka, lakini baada ya kupinda kona. Baba alicheka na machozi yanamtoka.

Kambini Kenya ndipo habari ilipotufikia. Barawa waliingia wengine, wa upande wa pili. Wakamuuliza Mzee Guled ukoo. Aliwatajia babu zake wote kumi, wala hakukwama. Wakampiga risasi mlangoni pake.

Mimi niliona haya kuwa hai, na mpaka leo sijaacha kabisa.

Sasa niko Berea, Johannesburg, ghorofa ya nne, lifti ilishakufa. Nadarizi kofia, watu wa Tanga wananigombania kila inapokaribia Ijumaa. Jirani yangu Mkongomani, msusi, ananiambia, "Mama, Kiswahili yako iko na chumvi mingi," nami namwambia chake hakina hata sukari. Tunacheka, tunakula pamoja.

Juzi binti yangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu, alileta kazi ya shule: andika majina ya babu zako. Nilimtajia wetu. La tatu, nikakwama, kama baba pale kizuizini. Halafu mdomo ukaendelea wenyewe bila kupumua, Guled, Warsame, Farah, mpaka juu kabisa. Binti anaandika tu.

"Eish, Mama. Wote hawa ni wetu?"

Nikakaa chini, nikamweleza ni wa nani na alikufaje. Akachukua kifutio.

"Usifute," nikamwambia. "Hana mtu mwingine wa kumwandika."