Shanga ya Sita

Berthe amefundisha biolojia miaka kumi na tisa katika sekondari moja ya Likasi, na humo hadubini hajaiona ila kwenye picha. Basi hufundisha kwa shanga. Kila darasa jipya humcheka. Yeye huwaacha wacheke, kisha huwapa mtihani mgumu.

Jumapili ile alizibeba shanga zake hadi kwa mama yake, Marcelline. Kikao cha familia kilikuwa kimeitwa ili kumrudisha Jenny kwao Kapolowe. Jenny ni mke wa Fidèle, mdogo wake Berthe. Mtoto wao, Divin, alikuwa akilia maumivu ya mifupa kila mwezi. Hospitali ilishapima damu na kutaja ugonjwa, lakini Marcelline alikwishakata shauri: mkwewe ni mchawi.

Berthe alianza kwa Kifaransa cha darasani, akawatia wote usingizi. Alijiona mjinga, akamwaga shanga mezani.

"Mu mwili muko maandishi," alisema. "Seli inayasoma herufi tatu tatu. Kila tatu inaita shanga moja, inaunganishwa na ingine, mpaka mukufu unaisha. Njo vile damu inajengwa. Kwa Divin herufi moja iligeuka. Pa shanga ya sita, pa nyeupe, kukaingia nyekundu. Ni ile tu. Chembe ya damu inajikunja, inaziba njia, mifupa inauma."

"Na ile herufi, Jenny njo alimupa?" aliuliza Marcelline.

"Jenny na Fidèle, mama. Mutoto akiipata kwa muzazi mumoja tu, hagonjwe. Akiipata kwa bote babili, anateseka."

"Na Fidèle aliitoa wapi?"

"Kwenu. Kwa weye ao kwa papa."

Jenny aliinua uso kwa mara ya kwanza. Marcelline hakumtazama.

"Hata Ruphin? Hata Tania?"

Hao ni watoto wa Marcelline, aliowazika wakati Berthe akingali mdogo. Nao walilia mifupa. Berthe, na elimu yake yote, hakuwahi kuwawaza.

"Inafanana sana, mama."

"Miye nilisema ni Suzanne."

Suzanne, mdogo wake Marcelline, alifukuzwa nyumbani kwa vifo vile. Anakaa Kambove, na kwa miaka thelathini jina lake halikutajwa. Berthe alitaka kumfariji mama yake, lakini hasira ikamzuia.

Marcelline aliinuka. "Jenny, bakia na mutoto yako." Kisha akamgeukia Berthe. "Kesho tunaenda Kambove. Utabisha hodi weye. Akisikia sauti yangu, hatafungua mulango."