Hodi kwenye Milango Sita

Ilikuwa mwaka 1971, mwezi wa Desemba. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kushuka, watu wa Hombolo walikuwa mashambani wakipanda uwele, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na sijaketi darasani hata siku moja. Wenzangu wa rika langu mtanielewa: enzi zile mtoto wa kike alianza shule baba yake alipomaliza kuwaza. Baba yangu aliwaza kwa miaka minne. Alipokubali, mama hakumpa nafasi ya kuwaza tena. Alfajiri iliyofuata tulipanda lori la mizigo kwenda Dodoma mjini kutafuta sare.

Sare zilishonwa kwenye jengo refu lililo karibu na stesheni ya reli, lenye kuta za mawe zilizopakwa chokaa, na baraza moja iliyounganisha milango sita ya maduka. Kabla hujaliona ulilinusa: mafuta ya taa, mkate wa moto, mpira wa tairi mpya za baiskeli, na ile harufu kali ya jora la kitambaa linapofunguliwa. Mlango wa mwisho ulikuwa wa mpiga picha, aliyetundika pazia lililochorwa bahari. Sisi ambao maji mengi tuliyoyajua yalikuwa ya bwawa la Hombolo, sote tulipigwa picha tukiwa tumeipa bahari mgongo.

Tulipofika mlango wa nne, mama alivua kandambili zake, akaniweka nyuma yake, akasema, "Hodi."

Wateja walitupita wakiingia na kutoka. Mama akabisha tena. Fundi mmoja kijana, aliyekuwa akishona barazani, alisimamisha cherehani na kutuangalia.

"Mama, hapa ni dukani. Ingieni tu."

"Mwenye duka halali usingizi?" mama akauliza.

"Analala."

"Wapi?"

"Humo humo, nyuma."

"Basi hapa ni kwake. Tutangoja."

Fundi alicheka mpaka uzi ukamkatikia. Lakini mwenye duka, mzee wa Kihindi ambaye mji mzima ulimwita Babu Jora, alikuwa amesikia. Alizunguka meza yake, akaja hadi kizingitini, akamwinamia mama yangu kidogo. "Karibu, mama. Karibuni ndani." Ndipo tukaingia. Njiani kurudi, mama aliniambia maneno aliyoyarudia hadi alipozeeka: "Usiingie mlango wa mtu kabla hajakuitikia. Ukiingia hujaitikiwa, umeingia kama upepo."

Januari 1972 nilianza darasa la kwanza, mrefu kuliko wote, sare yangu ikiwa imeachiwa pindo nene ili nikue nayo. Kila mwisho wa mwaka tulirudi kuishusha pindo au kushona nyingine. Mama alipokuwa akipimiwa kitambaa, sisi watoto tulicheza rede uwanjani mbele ya baraza, tukala ugali wa uwele uliopoa tuliofungiwa nyumbani, tukalamba ubuyu hadi midomo ikawa myekundu. Kisha tulikimbia kutoka mlango hadi mlango tukibisha hodi, na kila mwenye duka aliitikia "karibu" bila kuinua uso. Mchezo wetu ulikuwa huo tu: kuitikiwa.

Yule fundi aliyecheka aliitwa Lazaro. Aliniita Bi Hodi tangu siku ile, na aliendelea kuniita hivyo hata baada ya kunioa, Jumamosi ya tarehe 12 Septemba 1981. Babu Jora alipozidi kuzeeka alimwachia mlango wa nne, afanye kazi kwa jina lake mwenyewe. Tulishona humo sare za watoto, kisha za watoto wao. Watu wa vijijini waliendelea kuvua kandambili barazani, na mume wangu, aliyewahi kucheka, alisimama kila mara na kuwaitikia.

Lazaro alifariki tarehe 3 Mei 2014. Niliendelea na kazi, lakini baraza ilikuwa imeanza kunyamaza. Duka la baiskeli lilifungwa kwanza, likafuata la mkate. Mpiga picha aliondoka na bahari yake. Mji ulipanuka, maduka yenye vioo yakafunguliwa huko barabara kubwa zinakopita, na wateja wakayafuata. Makufuli yakashika kutu, mbuzi wakakigeuza kizingiti cha Babu Jora kuwa mahali pao pa kulala usiku. Vijana wa leo hata fundi hawamhitaji. Mjukuu wangu hununua suruali kwa kutazama picha kwenye simu, ikifika haipiti magotini, naye huniambia, "Bibi, ndivyo inavyovaliwa." Dukani kwao hakuna mlango wa kubishia. Ukiuliza mwenye duka ni nani, hakuna anayejua.

Mwaka jana warithi wa Babu Jora, ambao wanaishi ng'ambo, walitangaza kuliuza jengo. Nilikuwa mpangaji wa mwisho. Sikuomba chumba, niliomba jengo lisibomolewe, au angalau baraza na milango yake sita ibaki, na huko nyuma wajenge watakavyo. Nilivaa gauni alilonishonea marehemu, nikasema hayo mbele ya kikao cha mauzo, pole pole, bila kulia. Mnunuzi, kijana mwenye heshima, aliniamkia shikamoo na kunisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mama, historia tunaipenda. Lakini milango hii haifunguki kwa mtu yeyote tena." Alikuwa amesema kweli.

Ijumaa ya tarehe 14 Juni 2024, upepo wa kipupwe ukipeperusha vumbi barazani, mkataba wa mauzo ulitiwa saini. Jengo litabomolewa lote. Baada ya saini tuliongozana kulikabidhi, chumba kimoja baada ya kingine: kuta tupu, misumari isiyo na kitu, alama nyeupe ukutani pale lilipotundikwa pazia la bahari. Tulipofika mlango wa nne, miguu yangu ilisimama yenyewe. Nilivua viatu.

"Hodi," nikasema.

Mnunuzi aligeuka akiwa na funguo mkononi. Hakucheka, nadhani ingekuwa afadhali angecheka.

"Pita tu, mama," akasema. "Humo hamna mtu."

Sikupita.