Lubugo ya Mlangoni kwa Wilkista

Wilkista Akeyo alikuwa hodari wa kushona na mvivu wa kuuliza. Nasema hivi nikimpenda. Tulipanga vyumba vilivyopakana huko Namatala, mjini Mbale, mimi Mariat nikikaanga mandazi barazani, yeye akikanyaga cherehani yake baraza hiyohiyo, na sijawahi kumsikia akimuuliza mteja zaidi ya vipimo. Ukimletea nguo anaigeuza, anaguna, kazi imeanza. Kwao ni Siaya, upande wa Kenya. Mumewe Cleophas, baba wa mwanawe Odero, aliendesha lori njia ya Malaba, na kumwona nyumbani kulikuwa kwa bahati nasibu.

Rafiki yake wa moyoni alikuwa Nangobi, Msoga wa Jinja. Nangobi alihamia Mbale baada ya wanaume wenye miwani myeusi kumchukua mumewe, Waiswa, kwenye lango la kiwanda alichofanyia kazi. Walimtia ndani ya buti ya gari mchana kweupe, na wenzake wakajifanya wanatazama saa zao. Hakuonekana tena. Mwaka wa sabini na sita, Wakenya walipogeuzwa maadui na kusakwa nyumba kwa nyumba, Nangobi ndiye aliyemficha Wilkista chumbani kwake mtaa wa Malukhu, akawaambia askari kwamba yule ni dada yake, bubu tangu kuzaliwa. Kwa hiyo mwaka uliofuata, alipokuja na mfarishi chini ya kwapa, hakuna kitu ambacho Wilkista angemnyima.

Mfarishi ule ulikuwa kifuniko cha kitanda, viraka juu na viraka chini, na kitu cha kutia joto katikati. Mamake Waiswa ndiye aliyeushona. Alikata magomesi, yale magauni yake ya usichana, kanzu ya mumewe, kaptura za shule za wanawe. Sasa viraka vingine vilikuwa vimebaki nyuzi tupu, na pembe moja ilikuwa imeliwa na panya.

"Mama Odero, hii ya Waiswa," Nangobi alisema. "Mama yake ndiye nashona. Mimi nataka akirudi naikuta mzima."

Wilkista akaugeuza, akaguna.

Kazi ile aliifanya kama anayelipa deni la roho yake. Alifumua mshono wa zamani kwa wembe, akafua kila kiraka peke yake, na vile vilivyopauka akavigeuza ndani nje ili rangi iliyojificha isaidie. Uzi haukuwepo madukani miaka ile. Kila kitu kilikuwa cha magendo. Alimwagiza Cleophas, na alipochelewa akafumua pindo za gauni lake mwenyewe la Jumapili. Nilimwambia atakwenda kanisani na nguo inayoburura, akaniambia nishughulike na mandazi yangu.

Katikati ya mfarishi alikuta lubugo. Ni kitambaa cha gome la mti wa mutuba, Wasoga hulitwanga kwa nyundo mpaka linalainika. Kilikuwa kipande cha kahawia, kingo zimechanika, kinanuka moshi. Wilkista alimwonea rafiki yake huruma. Alidhani mama mkwe alikosa blanketi, akatia gome. Akalitoa, akaweka badala yake blanketi la Odero la utotoni, la sufu, safi kabisa. Na kwa kuwa yeye si mtu wa kutupa kitu, lubugo aliitandika mlangoni pake, maana mvua zilikuwa zimeanza na tope la Namatala unalijua.

Tuliipangusia miguu sote. Hata mimi. Sisi Waislamu tunazika kwa sanda nyeupe, basi sikuwa na la kuwaza. Nangobi naye alikuja mara kwa mara kuangalia kazi inavyokwenda, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, alijipangusa kuliko sisi wote, kisigino na vidole, kabla ya kuingia; chini ya tope lile asingeitambua.

Siku mfarishi ulipokamilika, Wilkista aliutandaza kitandani akaniita na mimi. Ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Nangobi alishika kiraka kimoja baada ya kingine akimtaja mwenye nguo: huyu mama, huyu Geresom, huyu Waiswa wa darasa la pili. Kisha akaanza kuubonyeza katikati kwa vidole, kwanza taratibu, halafu kwa haraka.

"Ile ya ndani iko wapi?"

"Nimekutilia blanketi. Lilikuwa limechakaa lile gome."

Nangobi akaketi. Akasema Geresom, kaka mkubwa wa Waiswa, ameleta habari kwamba wazee wamechoka kungoja. Watazika mgomba badala ya mwili, ili roho ya Waiswa ipate pa kukaa. Na katika ukoo wao, baba anapozikwa, hukatwa kipande cha lubugo aliyovingirishwa na kuwekewa mwana. Mama mkwe alikishonea ndani ya mfarishi, Waiswa akilalie maisha yake yote, na siku yake ikifika alazwe nacho. Pasipo hicho, wazee walisema, ni kuzika mgomba tu.

Wilkista ni Mjaluo. Kwao mtu akipotea ziwani huzikwa tunda la mti wa yago mahali pake. Hakuhitaji kufafanuliwa. Niliona macho yake yakienda mlangoni, nami yangu yakaenda, na nilitamani ardhi inimeze kabla yake.

"Nangobi," alisema, "ni hiyo. Ni hiyo tunayopangusia miguu."

Nangobi aliitazama. Kisha akatazama miguu yake mwenyewe.

"Wewe hapana uliza," alisema.

"Sikuuliza."

"Na mimi hapana sema. Nitasemaje? Nikisema ni ya kuzikia, nimesema amekufa."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Wilkista alitaka kuiosha, Nangobi akamzuia, maana gome kuukuu likiloweshwa na kusuguliwa linakuwa uji. Alichoweza Wilkista ni kulianika na kulipiga kwa brashi kavu. Tope la juu lilitoka. Lile lililoshikana na nyuzi lilibaki, na alama za nyayo ukijua pa kutazama unaziona. Kwa siku zile hakula chakula cha maana. Alikuwa akisema, "Mariat, yule alinificha, nami nimemkanyagisha mumewe." Alipoomba kumsindikiza Nangobi mpaka Jinja, Nangobi alisema tu, "Basi lubugo beba wewe."

Yaliyotokea njiani aliniambia mwenyewe.

Basi lilisimamishwa na askari mahali paitwapo Busiu, watu wote wakashushwa. Kuzika mtu aliyechukuliwa na serikali kulikuwa kosa: ulikuwa unasema serikali imemuua. Askari mmoja akachukua furushi mikononi mwa Wilkista akalikunjua.

"Hii lubugo. Ya kuzika mtu. Nani amekufa?"

Nangobi alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Wilkista akaona safari hii bubu ni mwenzake. Akakivunja Kiswahili chake makusudi, asijulikane ni Mkenya.

"Hapana, afande. Hakuna mtu nakufa. Hii ya mlango. Ya kupangusa miguu tu. Angalia tope."

Askari akaangalia. Tope lilikuwepo, na alama za nyayo pia. Akaitupa chini, akasogeza buti lake mbele.

"Onyesha."

Wilkista alipiga magoti barabarani. Alipangusa buti la kwanza, ncha na kisigino, akapangusa la pili, na Nangobi alikuwa amesimama pale karibu kabisa. Aliniambia mara ya kwanza alifanya kwa kutojua, na hiyo ilikuwa nzito ya kutosha. Ile ya pili alijua kila uzi unatoka kwa nani. Askari alicheka, akawaambia wapande basi.

Wilkista aliikunja lubugo upya, akaipakata mpaka Jinja.

Nyumbani kwa kina Waiswa wazee walikuwa wamekata mgomba, wameulaza mkekani. Geresom akaipokea lubugo. Akaifungua, uso ukambadilika. Aliuliza kwa Kisoga, na Wilkista hakuhitaji kukijua kuelewa swali: hii imefanywa nini? Wilkista akasimama. Alikuwa amejiandaa tangu Namatala, maneno yote yapo. Nangobi akamshika mkono kwa nguvu, akajibu yeye. Alieleza kuhusu Busiu. Alieleza buti. Alieleza jinsi rafiki yake alivyopiga magoti ili lubugo isinyang'anywe.

Hakueleza kitu kingine.

Wanawake wakalia upya. Wazee wakawalaani askari na vizazi vyao. Kisha wakaja mmoja mmoja kumshika Wilkista mikono, wakimwita mama, wakimshukuru, na yeye akasimama pale akishukuriwa, kwa sababu akisema kweli anamfanya Nangobi mwongo mbele ya kaburi la mumewe. Mgomba ukavingirishwa pamoja na lubugo ile, ukazikwa. Alipokuwa akiondoka, Geresom alimfungia kuku jike, wa shukrani.

Alirudi naye Namatala. Nangobi alibaki Jinja, na wakati mwingine alituma salamu, salamu nzuri tu, kama za zamani. Nilimwambia Wilkista amchinje yule kuku tule yaishe. Akakataa. Basi kuku akakaa, akawa anataga chini ya cherehani, na mayai yake tuliyala wapangaji wote wa nyumba ile, watoto wakiyagombania. Si kwamba ni mwiko; enzi zile mwanamke wa mjini alikula yai bila kumuuliza mtu, na Wilkista aliyapenda kuliko nyama. Lakini ya kuku yule aliyakusanya kila asubuhi, akatugawia, na mwenyewe hakuonja hata moja.