Kidonda Kisichofungwa Bandeji

Mimi ni muuguzi hapa Kasulu, na vidonda ndiyo kazi yangu. Naviosha, navifunga, kimoja kikianza kunuka naongeza bidii. Kidonda cha baba yangu sijawahi kukiona. Kiko kwenye ukuta wa mshipa mkubwa unaotoka moyoni, na waliokiona ni madaktari wa Mwanza, kwenye picha ya CT.

Waliniambia hakivuji, mshipa haujachanika wala kutanuka, maumivu yameisha, basi hakuna kupasua. Ameze dawa za presha kila siku, aache sigara, asichimbe wala kubeba kizito, na baada ya miezi sita apigwe picha nyingine. Nikauliza, na mimi nifanye nini? Nipime presha, wakasema, isipande. Nilikasirika. Miaka yote ya kazi, halafu napewa kazi ya kungoja.

Baba alinitii, tena kwa utani. Kila nikimkataza kitu anajibu, "Ego, mganga wangu," yaani ndiyo. Presha ikashuka, nami nikaanza kupata usingizi.

Mwezi wa tatu akafariki rafiki yake wa Kibondo, tukaenda kuzika. Kwetu mwanamume haendi msibani kukaa kwenye benchi. Kaburi huchimbwa kwa kupokezana, na asiyeshika jembe husemwa mpaka wajukuu zake wasikie. Nilikuwa nimekaa na wanawake nilipomwona kwa mbali anavua koti. Aibu nikaiweka pembeni, nikaenda hadi kaburini, nikamwambia vijana wapo wengi.

Hakupandisha sauti. "Huyu alimchimbia mama yangu," akasema.

Wanaume walikuwa wakinitazama. Ningeanzia wapi kuwaeleza habari za ukuta wa mshipa? Baba akashuka shimoni. Nikarudi mkekani, nikawa nahesabu jembe, na kila likishuka nasubiri aanguke. Niliomba. Halafu nikamlaumu marehemu, Mungu anisamehe.

Alitoka mwenyewe, jasho linamtiririka, akanifuata nyuma ya nyumba nilikokuwa nimetangulia na kipimo changu cha presha. Hakungoja kuambiwa. Alikunja mkono wa shati akakaa, kama mtoto aliyekosa. Mia na tisini kwa mia na kumi. Nikapima tena, ileile.

"Imetulia?" akaniuliza.

Nikamwambia imetulia, maana ningemtisha ingepanda zaidi.