Mashamba Niliyowagawia Watoto Uwanjani

Ndugu msomaji, nilikosa mimi. Si shetani, si ujana, si mtoto wa mtu. Mimi! Kina mama wa kijiji chetu walihangaika na madebe ya mahindi kichwani miaka nenda rudi kwa sababu ya mpira niliowafundisha watoto wa chekechea, na lawama akabebeshwa mtu mwingine.

Mhariri, jina langu tafadhali lisahau. Bado naishi hukuhuku Mbozi, na wale kina mama bado wana mikono.

Enzi hizo vijiji vya ujamaa ndiyo kwanza vinaanza. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, mume sina, shamba sina, nina mdomo tu. Mwenyekiti wa kijiji akanipa kazi ya kuwaangalia watoto wadogo wa miaka minne mpaka sita wakati wazazi wao wako shamba la kijiji. Tunakunywa uji, tunaimba, tunahesabu kwa vijiti, na jioni mpira. Mpira niliujua, maana nilikua katikati ya kaka watupu, na golini nilikuwa nakaa mpaka mama akanifichia kaptula.

Sasa wewe umewahi kufundisha mpira watoto wa miaka minne? Usijaribu ukiwa na njaa! Nilipanga magunzi ya mahindi kwenye mstari, nikawaambia wakokote mpira kwa kuyazunguka. Wa kwanza akazunguka vizuri. Wa pili akaokota gunzi akaenda nalo kwao. Wa tatu akaketi chini akalia, eti gunzi lile alilitaka yeye. Ukimwambia Mashaka "piga", anampiga mwenzake.

Lakini balaa lenyewe lilikuwa kujazana. Mpira wetu wa matambara na kamba za mgomba ukienda kulia, wote kulia. Ukienda kushoto, wote kushoto, na golikipa yumo. Ungedhani vifaranga wamemwagiwa chenga za mahindi. Humo ndani mtu anakula kisigino cha pua, na mpira wenyewe uko pembeni umepumzika.

Ningewaacha hivyohivyo. Watoto ni watoto. Ila ikaja habari ya mashine.

Mashine ya kusaga! Wakati ule tulikuwa tunasaga Vwawa. Kina mama wanaondoka alfajiri na madebe, wanarudi jua linazama, miguu imevimba, na mwanamume anauliza ugali uko wapi. Mama yangu shingo ilikuwa imeanza kugoma. Ukimwita, anageuka mwili mzima.

Mwenyekiti akatuita. Anakuja mgeni wa Chama, akasema, na kuna mashine moja tu kwa vijiji viwili, chetu na kimoja cha upande wa Isansa. Itakwenda kule ambako mgeni ataona moyo wa ujamaa.

"Vijana ngoma, wazee watamwonyesha shamba la kijiji. Na wewe mwalimu, watoto wacheze mpira wa kupasiana. Mgeni anapenda sana mpira. Nataka aone ushirikiano!"

"Ondoa shaka, Mwenyekiti," nikamjibu. Mdomo huu!

Hata mtu wa kuiendesha mashine alikuwa ameshapatikana. Ni Baba Tabu, mtu mpole, aliyefanya kazi migodini huko Zambia na injini anazijua. Watu hawakuwa wanamwamini sana, kwa sababu wakati wa kuhamia kijijini alichelewa. Mibuni yake ya zamani ilimshika roho. Walikuwa wakimnong'ona, yule ana ubepari. Mashine ile ndiyo ingemsafisha.

Basi nikawa nawaza usiku na mchana nitawatawanyaje wale vifaranga uwanjani. Nimekemea, wapi. Nimewapanga mmoja mmoja kwa kuwashika mabega, nikigeuka wamerudi lundoni. Siku moja nikamwona Tabu, binti wa huyo Baba Tabu, mtoto wa miaka mitano mwenye sauti ya mtu mzima, anachora chini kwa kijiti. "Hapa kwangu. Hapa kwako. Ukivuka nakuchapa." Na mwenzake, amini usiamini, havuki!

Nikasema moyoni, haya sasa, dawa hii hapa.

Kesho yake nikabeba majivu kutoka jikoni nikachora uwanja mzima vipande vipande. Kila mtoto kipande chake. "Haya, sikilizeni. Haya ni mashamba. Kila mtu ana shamba lake. Mpira ukiingia kwako ni mavuno yako, yapeleke haraka shamba la jirani kabla hayajaoza. Wewe usivuke mpaka. Na mwenzako akivuka?"

"Tunamfukuza!"

"Tunasemaje?"

"TOKA SHAMBANI KWANGU!"

Jamani, ilifanya kazi! Ndani ya wiki mbili mpira unatembea kutoka mtoto hadi mtoto, kila mmoja yuko mahali pake, hata kaka zangu walikuja kuangalia midomo wazi. Nikawa natembea kijijini kifua mbele. Nikanogewa, nikaongeza na mbwembwe zangu. Kabla ya kuanza nauliza, "Nani mwenye shamba?" na wao wanajipigapiga vifua, "Mimi!"

Mama alipita siku moja akasimama, akageuka mwili mzima kunitazama. "Mwanangu, kijiji kizima tunalima pamoja, wewe unawapimia watoto viwanja?"

"Mama, ni mchezo tu."

"Mtoto wa miaka minne hajui mchezo. Anajua alichoambiwa."

Nikacheka. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limekufa na kuzikwa. Ila kidogo nilishtuka, kwa sababu asubuhi ya mgeni nilidamka nikafagia majivu yote, isionekane mistari. Nikajiona mjanja kweli. Mistari ilikuwa imeshaingia vichwani mwa watoto, nami sikulifikiria hilo!

Mgeni akashuka kwenye Landrova, mtu mnene, mchangamfu, suti ya mikono mifupi. Ngoma ikapigwa, akacheza kidogo. Shamba la kijiji akalisifu. Mashine tukaanza kuisikia ikinguruma masikioni. Mama Tabu akanong'ona kwamba debe lake ataligeuza la kuogea.

Zamu yetu ikafika. Mwenyekiti akasimama mbele ya kijiji kizima. "Ndugu mgeni, watoto wetu hawa tumewalea kijamaa tangu tumboni. Neno 'changu' hawalijui. Wanajua 'chetu'!"

Makofi! Na mimi nikapiga, mjinga mimi.

Nikapuliza filimbi. Pasi ya kwanza safi, ya pili safi, mgeni akaita, "Safi sana!" Ya tatu Mashaka akapiga fyongo, mpira ukapita hewani, na yeye kwa ile hamu ya kuonekana na mgeni akaukimbilia. Akaingia kwa Tabu.

"TOKA SHAMBANI KWANGU!"

Watu wakacheka kidogo. Mashaka naye mbishi, hatoki. Tabu akamng'ata bega. Mpira ukaviringika kwa mtoto mwingine, naye badala ya kuupiga akaukalia. "Mavuno yangu! Simpi mtu!" Mwingine akaona jirani yake amekanyaga mpaka, mpaka ambao ni wao tu wanauona, akaanza kumsukuma. Dakika si dakika uwanja mzima ni kesi ya ardhi. Changu! Changu! Toka! Napuliza filimbi mpaka mate yanatoka upande wa pili, nani anasikia?

Mgeni, kwa wema wake, akaingia kuwaachanisha. Ndipo Tabu akamsimamia mbele, mikono kiunoni, akamwangalia tumbo mpaka uso.

"Na wewe babu, toka! Kalime kwenu!"

Ndugu yangu, nusu ya kijiji walicheka na nusu walishika vichwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilibana pua nikacheka. Kisha nikaona mgeni hacheki.

"Nani amewafundisha watoto hawa maneno haya?"

Mwenyekiti ananitazama. Tabu akafungua mdomo, kidole kinaanza kuinuka kuelekea kwangu, na mimi nikamshika mkono nikamfinya. Mtoto wa watu! Nikamfinya, nikasema kwa sauti tamu kabisa, "Ndugu mgeni, hapa kwangu tunaimba nyimbo za ujamaa tu. Hayo wanatoka nayo majumbani. Huyu ni mtoto wa yule bwana pale."

Nikamwonyesha Baba Tabu.

Kijiji kizima kikageuka. Ah, ni yeye! Bado na mibuni yake! Maana hadithi ilikuwa tayari midomoni mwao, mimi nilimalizia tu. Baba Tabu akamwangalia mwanawe, akaniangalia mimi, akavua kofia. "Ni mtoto wangu, ndugu mgeni. Mtoto akikosa, mzazi ndiye amekosa."

Mashine ikaenda Isansa.

Kwenye mkutano wa kijiji Baba Tabu alisemwa mpaka nikataka ardhi ipasuke, lakini ardhi haikupasuka na mimi sikusimama. Wakamwita Bepari, jina likamganda, hata watoto wakawa wanamwamkia, "Shikamoo Bepari." Tabu akaacha kuja chekechea. Na kina mama wakaendelea na safari yao ya Vwawa, na mimi nyuma yao na debe langu, maana mwalimu naye anakula ugali.

Njiani Mama Tabu alikuwa anatembea peke yake. Wenzake wakimwona anainama kuchukua debe lake wanajifanya kufunga kanga. Siku moja tumepumzika, akaniita. "Mwalimu, nitwishe." Nikamtwisha. Akashukuru, akasema, "Tabu ananiuliza kila siku kama umemkasirikia."

Nilimwambia sijamkasirikia. Basi! Hicho ndicho nilichopata kusema, na mdomo wote huu nilionao. Nililia njia nzima nikasingizia unga wa mashine umeniingia machoni, na hata Vwawa tulikuwa hatujafika.

Mwaka uliofuata nikaolewa. Baba Tabu alikuja harusini na kuku wake wawili, akakaa kwenye benchi, na benchi likabaki lake peke yake. Nilimwona. Bibi harusi mzima, nimepambwa, nikageuza uso.

Miaka ikapita. Juzi nilikwenda Tunduma kutafuta sabuni, na msiniulize sabuni yenyewe ilitoka upande gani wa mpaka. Nikasikia, "Shikamoo mwalimu!" Msichana mrefu, anauza karanga. Tabu! Nikaanza kigugumizi, Tabu, mwanangu, ile siku ya mgeni...

Akacheka sana. "Ile uliyonifinya? Mwalimu, una kucha!" Kisha akaniambia bila kinyongo, huku anafunga karanga za mteja. "Nilimwambia baba jioni ileile kwamba wewe ndiye uliyetugawia mashamba. Mama akataka kwenda kwa Mwenyekiti usiku huohuo. Baba akamkataza. Alisema, 'Mimi wameshanizoea. Yule binti bado hajaolewa. Wakimwita bepari, nani atampelekea posa?'"

Sabuni niliiacha palepale kwenye meza yake ya karanga. Mpaka leo sijui nani anaogea.

Nikaenda. Safari hii nikaenda kweli, moja kwa moja mpaka kwa Baba Tabu, nikapiga magoti penye mibuni yake aliyoipanda upya. Nikasema yote, mashamba, kumfinya mtoto, benchi la harusi, yote, kwa sauti ya chini maana majirani walikuwa wanaanika kahawa karibu. Alinisikiliza mpaka mwisho akiitikia kwa kichwa. Nikasema, afadhali, mzigo umetua.

Ndipo Mama Tabu akatoka ndani, akaniambia, "Mwalimu, ungepaza sauti. Huyu masikio yalishakufa, migodi ile ndiyo iliyomuua masikio. Hasikii kitu."

Na yeye mwenyewe akatabasamu, akaniuliza kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "HAYA, MUME HAJAMBO? WATOTO JE? KARIBU CHAI!"

Nikasimama pale. Ili anisikie ingebidi nipige kelele, na nikipiga kelele kijiji chote kitajua. Ndugu msomaji, nilikunywa chai! Nilikunywa vikombe viwili, nikaaga, nikaondoka na dhambi yangu.

Kwa hiyo nimeandika hapa. Wewe unayefundisha watoto wadogo, uwe unafundisha mpira, wimbo, au kuosha kikombe, angalia unawaambia nini, maana watalisema lilelile mbele ya watu usiowataka. Na ukikosa, usimtafute mpole wa kumbebesha. Kaseme mapema, kaseme kwa sauti, mtu angali ana masikio ya kukusikia.