Skrini Nne, Kadi Hakuna

Mhariri, naomba jina langu lisitokee, maana jamaa zangu huusoma ukurasa huu wote kabla gazeti halijaenda kufungia nyama. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, sijaolewa, na kazi yangu ni kuchapa barua katika ofisi moja hapa Nyeri. Kompyuta nazijua nje na ndani. Sijisifu, nataka tu mjue kwa nini watu wa kwetu wamenichosha.

Mwaka huu nilipata wazo. Nilitaka kompyuta moja yenye nguvu, yenye skrini tatu zilizopangwa kama madirisha ya rubani, na ndani yake mchezo wa kurusha ndege. Mbele unaona uwanja, kushoto unaona bawa, kulia unaona milima. Nilikodi chumba Karatina, karibu na soko. Shule zikifungwa Desemba, wanafunzi wangelipa kucheza, na makurutu wa chuo cha polisi cha Kiganjo nao wangekuja wakipewa ruhusa. Desemba ikipita bila mashine, chumba kinarudi kwa mwenyewe na mimi nitachapa barua za watu wengine mpaka nizeeke.

Akiba yangu ilitosha boksi la kompyuta, prosesa na mchezo wenyewe. Vilivyobaki niliviandika kwenye karatasi. Juu kabisa niliweka kadi tatu za picha, zile zinazopeleka picha kwenye skrini, kwa sababu mchezo huu unataka kila skrini iwe na kadi yake, halafu memori, halafu skrini tatu ndogo za mitumba. Mtu asiye na pesa nyingi anabana kwenye skrini ili amwage zote ndani, ambako kazi inafanyika. Baba akasema tufanye harambee ya ukoo, kila nyumba ichague kitu kimoja kwenye karatasi. Nikakubali. Hapo nilikuwa mjinga kuliko wote.

Harambee ya kwetu mnaijua. Kitu hakitolewi tu. Kinainuliwa juu, jina la nyumba linatajwa, watu wanapiga makofi na mpiga picha anafanya kazi yake. Sasa nani atainua memori, kitu cha urefu wa kidole? Shangazi akaja na skrini. Nyumba ya pili, skrini. Binamu yangu mwenye bucha Kerugoya akashuka kwenye pikapu na skrini, amevaa tai. Mwisho akaja baba mkubwa, kaka ya baba, na skrini kubwa iliyobebwa na wanaume wawili. Juu yake alikuwa amefunga kibao chenye jina lake, kimeandikwa na fundi wa mabango. Mshereheshaji akasema, "Hii ndio kompyuta sasa. Hizo zingine ni watoto."

Nikauliza kadi ziko wapi.

"Kadi ya nini na skrini iko?" Shangazi akanijibu. "Wewe washa."

"Haiwezi kuwaka, shangazi. Haina memori."

"Ati memori. Hawa watu wa kusoma hawashukurangi."

Niliitazama meza ya zawadi nikawadharau mmoja mmoja. Watu ambao wakinunua ng'ombe wanamfungua mdomo wahesabu meno, lakini kompyuta wanainunua kwa kutazama ngozi. Walikula, wakaomba, wakaenda zao wameridhika, na mimi nikabaki na skrini nne zisizo na kitu cha kuonyesha.

Huko Nanyuki kuna mzee mmoja Mwislamu anayeuza vifaa vya mitumba. Nilimweleza shida yangu. Skrini ndogo hakuzitaka hata bure. "Ile kubwa niletee," akasema, "nami nitakupa kadi tatu na memori, tusisumbuane." Lakini kwetu zawadi ya harambee haiuzwi aliyeitoa akiwa hai. Ni kumvua nguo mbele ya watu. Basi nikamuuliza kama ana nyingine ya aina ileile, iliyokufa. Alikuwa nayo, imeungua ndani. Nikampelekea ile kubwa, nikachukua kadi na memori, nikakifungua kibao cha baba mkubwa, nikakifunga kwenye ile mbovu, nikaileta Karatina.

Wasomaji, mashine inafanya kazi. Skrini tatu ndogo zimepangwa sawasawa na ndege inaruka kama nilivyotaka. Ile mbovu nimeiweka mahali pa heshima na jina lake juu.

Ufunguzi ni mwanzo wa Desemba. Baba mkubwa atakuja na pasta, na anasema ni yeye atakayewasha. Huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Maitu," ameniambia, "hiyo siku ndege itokee kwa yangu kwanza. Nimeshaambia watu."

Ningemcheka kama ninavyowacheka wengine, ila kuna jambo sijawaambia. Wiki mbili kabla ya harambee alikuja ofisini, kofia mkononi, na karatasi yangu ameikunja vizuri mfukoni. Akaniuliza, "Maitu, hii kadi ni kitu gani? Naona ndio umeandika juu ya zote. Ndio ninunue?" Wenzangu walikuwa wanasikiliza. Nikamwambia, "Baba, hiyo hutaielewa. Wewe nunua kitu macho yako inaweza kuona." Wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Akanishukuru akaenda.

Katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliyekuja kuuliza. Na alinunua vile nilivyomwambia.

Nishaurini, nifanye nini? Niende kwake nimweleze kabla ya siku hiyo, au nimwache abonyeze mbele ya pasta na watu wake? Ila asiniandikie mtu wa kuniambia nisingizie umeme. Hilo nimeshalifikiria, na najua ataniamini.