Wezi Watano Waliingia Melini

"Kwani umeona nani akifa mle?"

Kaka yangu aliniuliza hivyo akifunga begi lake; aliniuliza mimi, niliyezoea kupinga kila kitu.

Mle ni ndani ya filamu. Tuliitazama mara nyingi katika banda la video mtaani kwetu Mtendeni, Jumapili ambazo kaka alirudi kutoka Urambo alikokuwa akichambua tumbaku. Ilikuwa filamu ya zamani: wezi watano wanajificha tumboni mwa meli, nyuma ya magunia, ili waibe dhahabu iliyobebwa humo. Kando ya runinga alikaa mtafsiri, maikrofoni mkono mmoja, rimoti mkono wa pili, akitugeuzia maneno yao kuwa Kiswahili cha kijiweni.

Mimi niliitafutia makosa. Mawimbi yaliipiga meli na chai ya nahodha haikumwagika. Dhahabu walirushiana kama vipande vya sabuni. Walikaa gizani siku tisa wakatoka wamenyoa ndevu. Tena waliingia watano, wakatoka wanne. Siku moja nilipaza sauti: "Wa tano yuko wapi?"

"Anafua nguo, dada!" mtafsiri akajibu kwenye maikrofoni. "Mwanafunzi huyu, hata sinema anataka kuisahihisha!"

Banda zima likacheka. Kaka alicheka kuliko wote.

Kwa hiyo aliponiambia kwamba yeye na wenzake wawili wanakwenda Dar es Salaam kuzamia meli, kujificha ndani mpaka ifike Ulaya, nilijua alikoyatoa.

"Hata bahari hujawahi kuiona," nikamwambia.

"Babu zetu walikuwa wameiona? Walibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwa miguu. Mimi nina treni."

"Wangapi hawakurudi? Na maji ya kunywa mtapata wapi?"

"Wale wezi walipata wapi?" Akavuta zipu ya begi. "Kwani umeona nani akifa mle?"

Treni ilipofika stesheni ya Tura alinitumia ujumbe: mwambie mama niko Urambo. Nikamwambia mama hivyohivyo.

Miezi ikapita. Kisha mmoja wa wale wenzake akapiga simu. Maji yaliwaishia siku ya nne. Kaka hakufika siku ya saba, na mabaharia walipowagundua, waliutupa mwili wake majini. Tuliweka matanga bila maiti. Mama hana kaburi la kufagia.

Niliichukia ile filamu. Chuoni nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwamba imemuua ndugu yangu kwa uongo. Mwaka wa mwisho niliikuta mtandaoni, nikakaa kuitazama yote, daftari mkononi, nipange makosa yake vizuri. Katikati nikaiacha kalamu.

Likizo ile nilikwenda Mtendeni. Banda limekuwa duka la vifaa vya simu, na mtafsiri ndiye muuzaji.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanafunzi wangu!"

Nikamuuliza kuhusu kile kipande cha katikati.

"Kile? Nilikuwa nakiruka," akasema, akipanga chaja. "Watu hawakulipa kiingilio waje msibani."

Ni kipande kirefu. Mwizi wa tano anakufa kwa kiu, akilamba ukuta wa meli, na wenzake wanamfunika kwa magunia.